Wazo Lililodondoka Kurinjimalai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wageni kumi na mmoja walivua kandambili mlangoni, wakaingia katika chumba cha kimya cha kituo cha kujisomea cha Kurinjimalai, kusini mwa India, wakakaa sakafuni na kufumba macho. Saa moja na nusu wakatoka wakiwa wepesi, wakaenda kula idli, vile vitumbua vya mchele vya kupikwa kwa mvuke. Ndipo Muniyamma akaingia na fagio na kizoleo kufagia mawazo yao.

Siku hiyo yalikuwa mengi, kwa kuwa wageni wengi walikuwa wapya. Mashaka ya kazini hudondoka kama kokwa za ukwaju, meusi, yanang'aa. Tamaa ni ndogo kama mbegu za haradali na hupenda kubingirika chini ya mikeka. Wivu huanguka kama magamba ya samaki, jambo lililomuudhi sana mpishi Perumal, maana kituoni hapo hapaliwi hata yai. Mawazo kuhusu mama mkwe hunata, na hayatoki bila maji ya moto.

Mwanafalsafa aliyekiachia kituo mafundisho yake alikuwa amefariki miaka thelathini na moja iliyopita. Katika uhai wake alikataa kuitwa mwalimu, akakataa wafuasi, akakataza mtu yeyote kumweleza mwenzake maana ya maneno yake. Kila mtu ajisomee, ajitazame mwenyewe. Watu walimtii kikamilifu. Hakuna aliyemwita mwalimu. Walimwita "Yeye", kwa sauti ile ambayo watu wengine huitunza kwa ajili ya hekalu. Yeye alisema pia kwamba akili iachwe tupu, na wageni walijitahidi kuimwaga. Kinachomwagwa lazima kiangukie mahali.

Kwa miaka tisa Muniyamma aliyazoa mawazo hayo na kuyatupa nyuma ya jiko, palipopandwa maboga. Maboga yalinenepa kupita kiasi. Ilibidi Perumal ayachemshe mara mbili, tangu siku ile meneja mstaafu wa benki, Bwana Seshagiri, alipokula bakuli moja akashinda akilia kwa sababu ya talaka ya mtu mwingine.

Jumamosi hiyo Muniyamma alifagia mbiombio, moyo ukimdunda kama ngoma ya arusi. Majibu ya shule yalikuwa yatoke. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na shule ya bweni ya kituo hichohicho, iliyojengwa ili watoto wakue bila woga, na binti yake Ezhil, mwenye miaka kumi, alikuwa amefanya usaili wa kuingia darasa la tano. Katika usaili huo Ezhil alisoma karatasi ya msaili kutoka upande wa pili wa meza, maandishi yakiwa yamepinduka, kisha akamwonyesha kosa kwenye mstari wa tatu.

"Dada, utanivunjia masufuria na shangwe zako," Perumal alisema, Muniyamma alipoingia jikoni akiimba.

"Yakivunjika, mwanangu atakununulia mapya akishakuwa daktari."

"Daktari? Juzi si alikuwa rubani?"

"Atawatibu hukohuko angani, kaka. Wewe menya tu vitunguu vyako."

Saa nne Bwana Raghunandan, katibu wa kituo na msimamizi wa usajili wa shule, alimpa barua. Nafasi zimejaa.

"Zimejaa kweli, bwana?"

"Zimejaa, Muniyamma. Hata mimi imeniuma," alisema, akarudi ofisini kunywa kahawa yake katika bilauri ya chuma. Bilauri ya Muniyamma ilikuwa ya plastiki ya buluu, na ilitundikwa nje ya jiko, kwenye msumari. Hakuna aliyewahi kupanga iwe hivyo. Ilikuwa hivyo tu.

Jumapili asubuhi katibu alikaa na wageni katika chumba cha kimya, kama alivyofanya mara moja kwa juma. Walipotoka, Muniyamma alikuta mahali pake pamedondoka wazo moja tu, kubwa kuliko kokwa ya fenesi. Lilikuwa zito, na laini kabisa, maana wazo linalofikiriwa mara nyingi hulainika kama jiwe la mtoni. Muniyamma hakuwa na tabia ya kusikiliza mawazo ya wageni. Kazi ni kazi. Lakini hili alilitikisa sikioni, kama mtu anavyopima nazi, nalo likasema kwa sauti ya Bwana Raghunandan:

"Kiti kipo. Lakini mtoto wa mfagiaji akikaa darasani na watoto wetu, kesho atataka kukaa nao mezani. Mama yake naye atafuata. Halafu nani atafagia? Mwambie zimejaa."

Muniyamma alitimua mbio hadi jikoni, sari kaikunja magotini. Perumal alilisikiliza wazo mara tatu, ya tatu kwa raha tu.

"Umemshika!" alisema. "Dada, umemshika! Nimeona mashahidi wengi mahakamani, lakini sijaona shahidi aliyetoka kichwani mwa mshtakiwa!"

"Nifanyeje nalo?"

"Lipeleke kwenye kikao leo. Si wanasema yeyote anaweza kuuliza?"

Kikao kilifanyika kila Jumapili saa kumi na moja jioni, viti vikiwa vimepangwa mduara. Mtu yeyote aliruhusiwa kuuliza swali lolote. Hakuna aliyeruhusiwa kulijibu, kwa sababu anayejibu amejifanya mwalimu, na Yeye alikataza. Kwa miaka thelathini na moja maswali yalikuwa yakiingia katika mduara ule, na hakuna lililowahi kutoka.

Watu walikuwa kumi na wawili na viti kumi na viwili. Muniyamma alisimama, kizoleo mkononi.

"Nina swali," alisema.

Nyuso zote ziling'aa. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kuuliza.

"Karibu, Muniyamma," katibu alisema. "Hapa sote tu sawa."

Aliliweka wazo juu ya meza ndogo ya katikati, akaligonga kidogo kwa kucha. Likasema yote, kuanzia kiti hadi zimejaa. Bwana Raghunandan alilisikiliza huku kainamisha kichwa, kama mtu anayesikia redioni wimbo aliourekodi ujanani.

"Ni langu," alikiri.

Basi kikao kikalipuka kwa furaha. Bibi Hannelore, aliyekuwa akija kutoka Ujerumani kila mwaka, alishika kifua kwa mikono miwili. "Miaka ishirini natafuta kuliona wazo moja tu, zima, mwanzo hadi mwisho! Na hili hapa! Lina hadi mkia!"

"Msilihukumu!" Bwana Seshagiri alionya, akiwa amesimama juu ya kiti ili aone vizuri. "Mkilihukumu tu, limewaponyoka! Litazameni!"

"Nipe na mimi nilishike, mjomba."

"Ngoja zamu yako, kijana. Oh, tazama woga ulivyojikunja humo ndani!"

Wazo lilizungushwa mkono kwa mkono. Mhandisi mmoja wa Bengaluru alitaka kulipiga picha. Aliambiwa kwamba picha ni kumbukumbu, na kumbukumbu ni kitu kilichokufa. Aliipiga mara mbili.

"Na mtoto wangu?" Muniyamma aliuliza.

Kimya kikashuka, kimya kizito, kizuri kuliko vyote vilivyowahi kupatikana Kurinjimalai. Machozi yalimlengalenga Bwana Seshagiri.

"Swali kubwa hilo, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Tukae nalo."

Wakakaa nalo dakika arobaini. Kisha ikaletwa kahawa.

Muniyamma alimfuata katibu barazani. "Bwana, umesikia mwenyewe. Kiti kipo."

"Muniyamma, umenitendea wema usiopimika," Bwana Raghunandan alisema, akimshika mikono yote miwili kwa mara ya kwanza tangu amfahamu. "Wazo lile limenitoka! Najihisi kijana wa miaka ishirini. Nikijichunguza, sioni hata chembe ya ubaguzi."

"Basi niandikie barua nyingine."

"Hapo ndipo penye ugumu. Uamuzi ule ulikuwa wa wazo, na wazo halimo tena ndani yangu. Nitabadilishaje uamuzi ambao si wangu?"

Muniyamma alitazama sakafu chini ya miguu ya katibu. Hapakuwa na kitu hata kimoja kilichodondoka. Mtu huyu alikuwa akisema kweli tupu.

Mwezi wa Juni shule ilifunguliwa. Ezhil, akiwa njiani kwenda shule ya serikali, kilomita nne kwa miguu, alipanda ukuta na kuchungulia darasa la tano.

"Madawati ishirini na nne, mama," aliripoti jioni. "Watoto ishirini na watatu. Hilo moja wameliwekea chungu cha maua. Nayo yamekauka."

Wazo lenyewe liliwekwa maktabani, ndani ya kabati la kioo, juu ya kitambaa cheupe. Halikuandikwa maelezo yoyote, kwani kueleza ni marufuku. Habari zilienea, na wageni wakaongezeka hadi vyumba vikawa vinaombwa miezi minane kabla. Walikuja kutoka Pune, kutoka Kolkata, kutoka ng'ambo, wakasimama mbele ya kioo pumzi zikiwa juu, na wengi walieleza kwamba maisha yao yamebadilika.

Katibu aliagiza kwamba kabati lisiguswe na mtu mwingine isipokuwa Muniyamma, kwa heshima, kwa kuwa ndiye aliyelivumbua wazo lile. Kila Alhamisi alilifuta kwa kitambaa laini, polepole, kwanza juu, kisha pembeni, kisha mbele, na nyuma yake foleni ikimsubiri.

"Dada, samahani," mgeni mmoja alimnong'oneza kwa upole mwingi. "Sogea kidogo. Tunatazama."