Mguu wa Mwanamwema

Mwanamwema alishika ukingo wa benchi, Nassor akaanza kukwangua. Wiki ya tatu hii, kila asubuhi mfunga vidonda huyo wa zahanati ya kambi aliondoa nyama iliyooza kwenye muundi wake, na kila asubuhi kidonda kilikuwa kimepanuka, kingo zake za zambarau. Kilianza kama kipele tu, baada ya vita kuwatoa yeye na mumewe kisiwani Chovai, kusini mwa Kismayo, Somalia, na kuwafikisha kwenye kambi hii ya Mombasa.

"Unapaka miti shamba, mama," Nassor alisema.

"Sipaki kichu, mwanangu. Wewe ukikigusa ndipo kinapoenea."

Siku hiyo alikuwapo Daktari Bushra, ambaye hufika kambini mara moja kwa mwezi. Aliinama, akakitazama kidonda bila kukigusa, kisha akauliza, "Na choo chako kikoje?"

Wanaume wa foleni walikuwa hatua mbili nyuma. Mwanamwema akavuta buibui. Jambo hilo hakumwambia hata mumewe. Lakini mguu ulikuwa ukiwaka moto.

"Damu," alisema, na foleni nzima ikasikia. "Tangu mwaka jana. Na tumbo lanisokota."

"Naona ugonjwa ni mmoja. Mwili wenyewe unajishambulia, tumboni na mguuni. Nassor, usikwangue tena, unakipanua. Huyu anahitaji hospitali kuu, leo."

Nassor aliweka kisu chini, akafunga bendeji taratibu, bila kumtazama usoni.

Barua ya daktari ilihitaji muhuri wa ofisi ya kambi. Karani Mahmoud alipekua daftari.

"Jina lako limo kwenye orodha ya kurudi Kismayo, Alhamisi. Anayerudi hatibiwi nje ya kambi."

"Sikuomba kurudi."

"Alama ya kidole chako hii hapa."

"Hiyo nilitia nikipokea blanketi."

"Mimi nasoma kilichoandikwa, mama. Njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo mumeshanirudisha kwenye risasi."

"Anayefuata," karani aliita.

Mwanamwema alijikokota hadi kizingitini, akaketi, akaunyosha mguu kuziba mlango. Bendeji ilikuwa imeshalowa. Aliyefuata foleni, Twahira, mkimbizi mwenzake wa kisiwa cha Kudha, alimtazama, akaketi kando yake. Mahmoud aliita tena. Hakuna aliyeingia.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, karani alifungia muhuri kwenye mtoto wa meza, akakunja suruali, akauvuka mguu ule macho juu, akaenda kusali.

"Atarudi," Mwanamwema alimwambia Twahira, asisogee.