Leo Hapana, Wening

"Mama Wening! Hebu toka! Mwanao amekula samaki wa wakwe zangu!"

Nilikuwa kwenye mkeka wa swala ya adhuhuri. Nikatoa salamu, nikatoka. Jirani yangu Bi Sarinten alisimama getini na sahani tupu mkononi. Nyuma yake mwanangu Wening alikuwa anajifuta mafuta mdomoni, hana wasiwasi.

Wening ni msichana mkubwa sasa. Daktari wa mjini alisema ana usonji. Tangu baba yake afariki, yeye ndiye anayepeleka dukani tempe zangu, soya ninazozivundika kwenye majani ya mgomba. Matembezi hayo anayapenda kuliko kitu chochote.

"Aliniambia karibu tule," Wening alisema.

"Mtu akiambiwa karibu tule, anasema asante, nimeshiba!"

"Sikuwa nimeshiba."

Ningecheka, kama si uso wa Bi Sarinten. Kichochoroni kwetu hakuna anayekula barazani asimkaribishe apitaye, na hakuna apitaye anayeingia.

"Mfungie ndani, mama," akaniambia. "Leo kala kwangu, kesho ataingia kwa wasio na subira. Ukishindwa, nitamwambia mzee wa mtaa."

Kesho yake nilifunga geti kwa mnyororo wa baiskeli ya marehemu, nikapeleka tempe mwenyewe. Niliporudi, Wening alikuwa ameshika vyuma vya geti, akiguna wimbo wake usio na maneno, ule wa kuumia. Chakula hakugusa. Nikaswali alasiri, nikamwomba Mungu anifungue akili. Kisha nikakaa ubavuni kwake, maana akitazamwa usoni maneno humkimbia.

"Kwa Bi Sarinten kuna nini unachokipenda?"

Nikamwachia nafasi ya kufikiri.

"Sipendi," akasema mwishowe. "Kunanuka dawa ya mbu. Kichwa kinaniuma."

"Sasa mbona uliingia?"

"Aliniita."

Tasbihi ikanisimama vidoleni. Kumbe hakuwa mlafi wala mkaidi. Alikuwa anatii. Sisi ndio tuliokuwa tunasema tusichokitaka.

Nikafungua mnyororo, nikaenda moja kwa moja kwa Bi Sarinten.

"Dawa yako ya mbu inamuumiza kichwa; aliingia kwa kuwa ulimwita. Kama humtaki, usimwambie karibu. Mwambie leo hapana."

"Nimfukuze mtoto wa mwenzangu barazani kwangu? Watu waseme mimi bahili?"

"Waambie nimekutuma mimi."

"Wewe nawe! Utatutia wazimu mtaa mzima." Lakini hakukataa. Nikaenda na kwenye nyumba nyingine, mlango kwa mlango.

Asubuhi nilimpa Wening kikapu, nikabaki getini roho mkononi. Bi Sarinten alikuwa barazani, wali mdomoni. Akamwona anakuja. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mwizi.

"Wening! Leo... leo hapana!"

Wening akainua kikapu juu. "Sawa! Leo hapana!" Akapita akirukaruka. Sikuwa nimewahi kumwona mwepesi namna ile kichochoroni.

Siku hizi hata watoto wanamtania, "Wening, leo hapana!" Naye anawajibu, "Hata kwetu leo hapana!" nao wanaangua kicheko.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunapita pamoja. Bi Sarinten akainuka barazani, akafuta mikono kwenye kanga.

"Wening, leo ndiyo. Karibu."

"Kweli?"

"Kweli. Na dawa ya mbu nimeizima tangu asubuhi."

Wening akavua ndala, akaziweka sambamba, akaingia.

"Na wewe, Mama Wening, karibu tule."

Nikafungua mdomo niseme asante, nimeshiba. Wening alikuwa amegeuka pale mlangoni, ananisikiliza.

Sikuwa nimeshiba. Nikavua ndala zangu, nikamfuata.