Somo la Chanzo cha Kifo

Madamu Escarilla hakuwa na huruma, na alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto. Tulikuwa mwaka wa pili chuoni Cebu, Ufilipino, tukijifunza kugeuza magonjwa kuwa namba, ili siku moja tuajiriwe kusoma mafaili ya wagonjwa wa Marekani tusiowajua.

"Moyo kusimama si chanzo cha kifo," alizoea kutufokea. "Hata kuku akichinjwa moyo husimama. Nitafutieni aliyeshika kisu."

Siku ya mtihani wa mdomo kila mmoja alileta kifo cha kwao. Darasa linauliza, mwenye msiba anajibu, mpaka chanzo kipatikane. Mshindi angepelekwa kwenye kampuni iliyokuwa inachukua mwanafunzi mmoja tu. Lourdilyn Tumulak aliitaka nafasi ile mpaka akakonda. Yeye na kaka yake Arnulfo, aliyekaa mbele yangu, walikuwa mayatima. Lourdilyn alipika alfajiri, na mchana walikula pamoja kutoka kopo moja la chakula.

Alisimama na kifo cha mama yao. Sote tulikijua, maana Arnulfo hakuchoka kutusimulia jinsi daktari wa dawa ya usingizi alivyomuua mama yake. Mazishini alimtukana daktari huyo mbele ya padri.

"Cheti kinasema nimonia," Lourdilyn akaanza.

"Kwa sababu ya nini?" tukaitikia wote, kama tulivyofundishwa.

"Alitapika akiwa amelazwa usingizi kwa upasuaji. Matapishi yakaingia kwenye mapafu."

"Alikuwa anapasuliwa nini?"

"Mawe ya nyongo."

"Basi chanzo ni hayo mawe," akasema Jesusa, aliyependa kumaliza mapema.

"Keti, mvivu wewe," Madamu akamkata. "Mgonjwa wa kupasuliwa hali kitu tangu usiku. Tumbo tupu litapike nini, sala?"

Tukacheka. Lourdilyn naye akacheka, maskini, kisha nikaona uso wake unamshuka. Naapa hakuwahi kuyaunganisha mambo hayo mpaka dakika ile.

"Tumulak, tumboni mlikuwa na nini?"

"Sijui, Madamu."

"Sijui ni sifuri. Nikuandikie sifuri?"

Angenyamaza tu. Ningekuwa karibu ningemkanyaga mguu. Lakini aliitaka ile nafasi, na uongo hakuuzoea.

"Uji wa kuku," akasema. "Kidogo tu."

Kwetu mgonjwa haachwi wodini peke yake. Ndugu hukaa naye usiku na mchana, na huyo ndugu ndiye anayemlisha. Arnulfo akanyoosha mkono, kwa adabu kabisa.

"Nani alikuwa naye alfajiri ile?"

"Kaka, si unajua."

"Nimeuliza swali. Jibu."

"Mimi. Alisema njaa inamkata, Kaka. Alinibembeleza."

"Wauguzi hawakukukataza?"

"Walinikataza."

Madamu akapiga makofi peke yake. "Mia kwa mia. Nyie wengine mnaniletea upuuzi, mwenzenu amefika kwenye kisu. Tumulak, nafasi ni yako. Asante unaijua?"

"Asante, Madamu," akasema Lourdilyn.

Namchukia Madamu yule mpaka leo. Siku akifa nitakwenda msibani kwa ajili ya kuuliza chanzo tu.

Mchana Lourdilyn alifungua kopo mezani kama kawaida, wali na samaki mkavu, akagawa katikati. Upande wa kaka yake akauongezea minofu. Kisha akamsogezea kijiko.

"Kaka, kula."

Arnulfo alikitazama kile kijiko, akakirudisha upande wa dada yake kwa kidole kimoja.

"Kula wewe," akasema. "Mimi bado nataka kuishi."