Kambale Wasiokula Nyama

Usicheke, lakini kulikuwa na mwanamke aliyetaka kambale wake wasile nyama. Kambale huyuhuyu, ambaye hata ukimtupia ndala ataijaribu kwanza!

Kila asubuhi Mama Pacha alikaanga soya, akaisaga, akachanganya na pumba na kuwamwagia bwawani. Dagaa, hapana. Damu ya machinjioni iliyokaushwa, wanayolishwa samaki kwingine, ndiyo usimtajie kabisa. Watu bado walimwita Mama Pacha, ingawa pacha mmoja alizama kwenye bwawa hilohilo mwanzoni mwa mwaka, akapatikana kesho yake.

Waliomwosha mtoto walimfunga mikono kwa kitambaa, wakamwambia mama asifungue kutazama vidole. Hakufungua. Lakini tangu hapo, kila midomo ile mipana ya kambale ilipojitokeza juu ya maji, mwili ulimsisimka. Akaapa kwamba hawataonja tena kitu chochote kilichowahi kuwa na damu.

Sasa walikuwa wanakufa. Matumbo yamevimba, kinyesi kinaelea kama nyuzi nyeupe. Dada wa mumewe, aliyekuwa mwenzake katika kazi ya ufugaji, akashika kiuno.

"Wifi, kambale si mbuzi. Utumbo wake mfupi, soya tupu inamuunguza. Mchanganyie dagaa."

"Sitaki."

"Haya. Wakiisha, huyu pacha aliyebaki utamlisha hiyo soya?"

Mama Pacha akachota soya nyingine, akawamwagia.

"Basi mpasue mmoja uone mwenyewe."

Mama Pacha akarudi nyuma. Tangu msiba hakuwahi kupasua samaki wa bwawa lile. Aliogopa, jamani, aliogopa vibaya sana kukuta kitu. Akili ilimwambia miezi imepita, hakuna kinachoweza kubaki. Lakini moyo wa mama na akili, wapi na wapi!

Wifi akamshikisha kisu. Mama Pacha akafumba macho, akapasua, akafumbua. Utumbo ulikuwa mwekundu, umetuna, umejaa uji wa soya na chenga ambazo hazikusagika. Aliupekua kwa kidole mpaka mwisho, kisha akaanza upya.

"Unatafuta nini?" Wifi aliuliza, ingawa alijua.

"Mwanangu," alisema, akaangua kilio.

Wifi akaketi palepale kwenye matope.

"Hawa siyo wale," akasema.

"Wale gani?"

"Ulipokuwa umelala kitandani, hujui usiku wala mchana, nilikausha bwawa. Nikawatoa wote, nikawafukia nyuma ya banda. Hawa niliwaagiza kwingine, wa ukubwa uleule, ili usigundue."

"Bwawa zima? Si ungewauza?"

"Ningemuuzia nani?" Akajifuta macho kwa mkono wenye matope. "Wifi, na mimi ni shangazi yake."

Wakalia pamoja, kwa sauti, bila kuoneana haya. Kisha Mama Pacha akamtazama yule kambale aliyempasua, na roho ikamuuma. Miezi yote hiyo amewaadhibu samaki ambao hawakuwahi hata kumwona mtoto wake.

Akaenda bandani, kwenye gunia la dagaa ambalo Wifi alilinunua bila kumuuliza. Akachota bakuli moja, akasimama ukingoni, akamwaga. Maji yakachafuka mara moja. Alitamani kuziba masikio, lakini alisimama akawasikiliza wakila.