Mistari Mitatu ya Peguy

Mwaka ule, ukitaka kujua kama Étoile, timu ya Wakongo wa Durban, wameshinda, hukuhitaji kwenda uwanjani wala kuuliza mtu. Ulichungulia tu kwa Ruphin kinyozi, chini ya magorofa ya Albert Park, ukatazama vichwa vinavyotoka. Wakishinda, kila kichwa kilitoka na mistari mitatu juu ya sikio la kushoto. Mtindo huo uliitwa coupe Peguy, yaani mkato wa Peguy. Aliyeubuni ni Ruphin mwenyewe, siku mshambuliaji wao Peguy alipowafunga timu ya Wazimbabwe mabao matatu kabla ya mapumziko.

Ruphin alikuwa mtu wa Uvira, mwenye kitambi na maneno mengi. Alinyoa mabwana harusi, alinyoa wachungaji, na waliofiwa aliwanyoa kipara kwa wembe, kama desturi ya kwao inavyotaka. Lakini katika wote waliokikalia kiti chake, aliyempenda zaidi ni Peguy. Kijana huyo alikuja Durban peke yake kutoka Kalemie, hana ndugu mjini, na Ruphin ndiye aliyemshika mkono akampeleka Étoile. Alimwita petit, mdogo wake, Peguy naye akamwita Yaya, kaka mkubwa. Picha yake ilining'inia juu ya kioo, mahali ambapo kwa vinyozi wengine ungemkuta Bikira Maria.

Mcheza kwao hutunzwa, nao walimtunza haswa. Achille, fundi simu wa duka la jirani, alimbadilishia kioo cha simu bila kumdai kitu. Wamama wauza mboga walimwita mkwe. Hakuna aliyemuuliza kama amekula, maana hapakuwa na siku ambayo hakulishwa.

Kisha ikaja Jumapili ya penalti. Dakika ya mwisho, dhidi ya Watanzania, Peguy aliupiga mpira ukapaa juu ya mwamba, ukaenda kuangukia barabarani katikati ya magari. Étoile wakalala bao moja kwa bila.

Jumatatu asubuhi foleni ilikuwa ndefu kwa Ruphin, foleni ya watu waliokuja kufuta mistari. Wa kwanza alikuwa Achille, ambaye alisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akaurudia msemo huo kwa kila aliyeingia. Ruphin aliwafutia wote. Naye, kwa hasira ya mshabiki, ambayo haina macho wala haya, akapanda kwenye stuli, akaitungua ile picha, akaisukumiza nyuma ya kabati na kutundika kalenda.

Siku ya pili yake Peguy akaingia. Benchi lilikuwa limejaa, na maneno yakakatika ghafla kama yanavyokatika anapoingia anayesengenywa. Akaketi kitini, macho mekundu, akasema akatwe nywele zote. Hapo ndipo Ruphin angenyamaza kidogo asikilize. Lakini Ruphin na kunyamaza walikuwa hawajawahi kukutana.

"Hata wewe mwenyewe unaikimbia coupe yako?" alisema.

Benchi zima likacheka. Peguy alimtazama kwenye kioo. Mashine ikapita, kisha akaomba apitishiwe na wembe. Alipomaliza kunyolewa hakuondoka mara moja. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyesahau kitu, hadi Achille akampachika jina la Kipara na watu wakacheka tena. Ndipo akatoka.

Mechi nne zikapita bila bao. Alikimbia kama mtu aliyebeba gunia, na kocha akamweka benchi. Watu waliokuwa wakigombania kumbebea viatu sasa walivuka barabara wasikutane naye. Ruphin hakuvuka, ila hakumwita pia. Kila alipoitazama kalenda ile roho ilimsuta, akajiambia atamfuata kesho. Na kesho ya Ruphin, kama za wengi wetu, haikufika. Alichoogopa ni kimoja tu, kwamba petit wake hatakikalia kiti kile tena.

Fainali walikutana na vijana wa kitongoji cha Chatsworth, ambao kipa wao, Jecha, alikuwa hajafungwa msimu mzima. Dakika ishirini zikabaki, Étoile wako nyuma kwa bao moja, na kocha kwa kukosa wa kumwingiza akamwita Peguy. Mashabiki wa Étoile wenyewe wakamzomea. La kwanza akafunga kwa kichwa. La pili alimpiga chenga Jecha, akausukuma mpira wavuni taratibu, kama mzazi anayefunga mlango ili mtoto asiamke. Midomo ile ile iliyozomea ikaimba jina lake, wakamnyanyua mabegani. Zamani akifunga alikwenda kucheza ndombolo penye kibendera cha kona. Safari hii alifanya ishara ya msalaba tu, akatazama juu. Achille alisema bingwa ana maringo, na alisema kwa upendo mkubwa.

Jumatatu foleni ikarudi, yote inataka mistari mitatu. Ruphin alikuwa amekwisha kuirudisha picha ukutani tangu alfajiri, kabla mtu hajamwona. Peguy alipotokea mlangoni walimpisha na kumpigia makofi. Ruphin akakipangusa kiti kwa furaha, akawasha mashine na kuisogeza juu ya sikio la kushoto. Peguy akaushika mkono wake.

"Bado, Yaya. Arobaini iko Jumamosi hii."

"Arobaini ya nani?"

"Ya mama. Alikufa kesho yake ya ile penalti." Alisema polepole, bila hasira. "Nilikuya hapa kukuambia. Nilisema ukate yote, nikafikiri wewe utaona. Mukacheka. Nikanyamaza."

Ruphin alitamani sakafu ipasuke immeze. Albert Park hakuna aliyefiwa anayeachwa peke yake. Msiba ukiwa mbali namna gani, na karatasi za ukimbizi zikimzuia mtu kwenda kuzika, matanga hukaliwa hapa hapa: viatu hurundikana mlangoni kwake, mfiwa huimbiwa, hulishwa, na watu hulala kwake. Kijana huyu alikaa matanga yake siku thelathini na tano, peke yake chumbani, na kipara alichonyoa kwa ajili ya mama yake wakamgeuzia jina la dhihaka. Naye Ruphin, aliyenyoa vichwa vya msiba hadi hesabu ikampotea, alikishika kichwa kile kwa mikono yake miwili na hakuona kitu ila penalti.

Akazima mashine. Akawaambia waliokaa kwamba leo hakuna mistari, na kwa nini hakuna. Wawili wakakumbuka kazi zao, wakatoka. Achille akabaki, kofia mkononi, akitazama miguu yake. Kisha Ruphin akamwomba Peguy ainuke, akaketi yeye kitini, akajifunga kile kitambaa shingoni, akamnyooshea mashine.

"Kinyozi hajinyoi, petit. Ukate yote."

Peguy hakuwa fundi. Mashine ilirukaruka, ikaacha vishungi hapa na pale. Hakuna aliyecheka. Alipofika katikati ya utosi, Ruphin akamuuliza kwenye kioo swali ambalo lilichelewa wiki tano.

"Mama aliitwa nani?"

"Matilda," alisema Peguy, na hapo machozi yakamtoka mbele ya watu. Ruphin akainuka, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, akamkumbatia.