Programu Haifuturu

Rukaiya alimchukia Elibariki waziwazi, na Elibariki hakumbakizia deni. Walifanya kazi chumba kimoja huko Kawe, kwenye kampuni yenye programu ya kuitia bodaboda na bajaji. Tangu Elibariki apewe ukubwa wa mitambo, hata salamu walirushiana kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Safari hii waligombania nakala. Programu ile ilikuwa na nakala nyingi zinazofanana, kila moja ndani ya kontena lake, yaani kisanduku chake cha kidijitali, kwenye seva, na mbele yake mtambo unaohesabu maombi ya wateja kama bawabu mlangoni. Maombi yakizidi, mfumo wenyewe huwasha nakala nyingine. Yakipungua, huzizima. Elibariki aliagiza zizimwe papo hapo maombi yakishuka, ili seva zisikae bure.

Rukaiya alimkumbusha kwamba kesho wanaanza kufunga. Ikiadhiniwa magharibi mji utanyamaza, maana hakuna aitaye bodaboda na tende iko mdomoni, na mfumo utadhani watu wamelala. Kisha watanyanyuka wote kwa mkupuo, huyu tarawehe, yule ukweni, na nakala ikishazimwa haiamki upesi. Aliomba mfumo usubiri kidogo kabla ya kuzima.

"Sista, programu haina dini," Elibariki alimjibu mbele ya wote. "Haifungi, haifuturu. Inahesabu tu."

Wenzao wakacheka. Rukaiya naye alicheka, kicheko cha meno, huku akiapa moyoni kwamba likimkuta huyu bwana hatamsaidia hata kwa kidole.

Likamkuta kesho yake. Rukaiya alikuwa kwao Kipawa, amekaa mkekani na mama yake, Bi Mwanabaraka, uji wa pilipili manga ukifuka moshi, simu ilipoanza kulia. Alipoona jina la Elibariki akajua: nakala zimezimwa, na mji umeshaanza kunyanyuka. Akaigeuza kifudifudi, akajimiminia uji. Ikalia tena, na tena.

"Si upokee, mwanangu," mama yake alisema.

"Ya kazini hiyo, mama. Waache wajifunze."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Rukaiya alitamani kulisikia guu lenyewe likilia. Hakumbuki futari iliyowahi kuwa tamu kama ile.

Alikuwa akikusanya vyombo kifua cha mama kilipobana. Pumu hiyo waliizoea, lakini kichupa cha dawa ya kuvuta kilikuwa kimekwisha, na mama alianza kuhema kwa mluzi, mkono ukiishika kanga kifuani. Rukaiya akafungua programu ya kazini kwake aite bajaji. Duara likazunguka, likazunguka, halikuleta kitu. Akakimbia kijiweni, akakuta patupu, madereva wamekwenda kufuturu.

Akarudi mbio, akafungua kompyuta na kuuamuru mfumo uwashe nakala zote. Zikaanza kuamka moja moja, kila moja ikijipakia ramani ya mji mzima kwanza. Ni yeye aliyesema haziamki upesi. Sasa aliketi kuzitazama huku mluzi wa mama ukizidi kuwa mwembamba, akamlaani Elibariki, kisha akakosa wa kumlaani.

Bajaji ilipatikana hatimaye. Walifika hospitali midomo ya mama imeshabadilika rangi, na daktari alimwambia Rukaiya, bila kupamba, kwamba wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza mengine.

Mama alipotulia, akivuta oksijeni kwa barakoa, Rukaiya akasoma ujumbe uliokuwa ukimngoja tangu alipokuwa mkekani: "Ulisema kweli, mie nikakudharau. Kesho nitakuomba radhi mbele ya wote. Ila pokea simu, tafadhali. Kuna watu wamekwama."

Maneno hayo ndiyo aliyoyatamani siku zote. Alijaribu kuyafurahia, akashindwa.

Mama akafumbua macho, akasogeza pembeni ile barakoa ya hewa.

"Ile simu," akauliza kwa sauti ndogo, "walikuwa wanataka nini?"

Rukaiya akamrekebishia kanga mabegani.

"Walikuwa wananiomba nikuletee usafiri, mama."