Mche Uliosalia Chimala

Lori lilimshusha Philbert Chimala jua likiwa la utosi, na kabla hajakung'uta vumbi alijua habari ni mbaya. Kutoka barabarani aliiona bustani ya Tusekile imelala. Mashina ya nyanya yalikuwa yameinama kama watu waliokesha msibani, majani yangali ya kijani lakini yamelegea.

Philbert alikuwa bwana shamba msaidizi, mtu wa Iringa, na mwaka ule wa 1956 ulikuwa umemchosha kuliko yote. Kwenye kituo chao cha utafiti wa kilimo, katika baridi ya Mbeya, walikuwa wamepata udongoni kijidudu chema, kinachoshindana na kile kinacholeta ugonjwa wa mnyauko. Walikikuza kwenye supu ya viazi, wakachovya mizizi ya miche, na miche ikasimama. Philbert ndiye aliyetumwa kushusha chupa za supu ile bondeni Usangu, hadi Chimala. Ndiye aliyemwambia Tusekile aziamini.

Tusekile alikuwa Mnyakyusa aliyehamia bondeni na mumewe. Mume akaenda machimboni kusini, na nyanya ndizo zilizobaki kuwalisha watoto. Hakumfokea mgeni wake. Alimpa kigoda na maji, akamweleza polepole kwamba miche ilikuwa mizuri mpaka lilipokuja joto. Ndipo ilipoanza kuanguka, leo huu, kesho ule. Philbert akasema huenda yule mdudu mwema, aliyetoka baridini, joto la huku limemshinda, na adui yake ndiyo kwanza ananenepa.

"Basi umeniletea mlinzi anayezimia jua likiwaka," alisema Tusekile.

Walipita kwenye matuta, na pembeni kabisa, kwenye mchanga unaochoma nyayo, wakakuta mashina machache yamesimama na matunda yake. Akapiga magoti. Alijua anachotaka kuomba, na aliona haya kukiomba. Mwishowe alisema kwamba kwenye mizizi ile huenda wamo vijidudu wengine, wa hapahapa, waliozoea joto. Ila ili awapate lazima ang'oe shina zima, lingali hai.

Tusekile alilipapasa tunda moja. "Hizi ndizo nilizobakiwa nazo," alisema. "Ng'oa moja. Lakini ukirudi mikono mitupu, bwana shamba, pita tu na lori, usishuke."

Huko kituoni mkubwa wake alikwisha kuchoshwa na habari za mnyauko. Alitaka nguvu zote ziende kwenye zao la pareto. Hakumkataza, wala hakumpa mtu wa kumsaidia. Philbert alikoroga udongo wa ile mizizi kwenye maji yaliyochemshwa, akaumwagia kwenye visahani vya supu iliyogandishwa, akavitia ndani ya sanduku lenye taa ya mafuta ili pawe na joto kama la Chimala. Mara taa ilizidi ikaunguza vyote, mara ilizimika. Alianza upya, na tena upya, mpaka mkewe Rozalia akaacha kumwuliza atakula saa ngapi. Hatimaye kwenye kisahani kimoja likatokea doa la rangi ya maziwa, na adui alipopandwa kando yake hakuthubutu kulisogelea. Furaha ilikuja, ila ilimkuta amechoka hata kusimama hawezi.

Msimu uliofuata alirudi na chupa mpya. Tusekile alimpa kona moja tu. Kwingine alipanda mahindi, maana aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo. Walichovya mizizi pamoja. Joto likaja, kali kuliko la mwaka uliopita. Baadhi ya miche ilianguka, na moyo wa Philbert ukaanguka nayo. Lakini mingi ilisimama, ikazaa.

Siku ya kuchuma, Makame, mfanyabiashara wa Mbeya, alipokwisha kupakia matenga na kuondoka, Philbert alimwambia Tusekile kwamba kituo kimeifunga kazi ile, na yeye anahamishiwa Njombe. Akamwachia debe la samadi yenye vijidudu wale, la kupandia misimu ijayo, likae kivulini na isikauke. Hakuficha kwamba nguvu zao huenda zikapungua.

Tusekile alilipokea debe kwa mikono miwili. "Mwaka huu watoto wamekula," alisema, kisha akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, bwana shamba. Nenda kapumzike."

Philbert alichukua mkoba wake, akaaga. Aliketi kando ya barabara kungoja lori, na lilipofika ilibidi utingo ashuke kumwamsha.